Peugeot 404 ya babu imesimama tangu 1994: Jumamosi msiiwashe

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa msiba wa babu.

Swali lako nalirudia kwa kifupi ili wengine nao wafuate. Babu mzaa mama ameacha Peugeot 404 sedani ya mwaka 1967, ya kabureta, ilipaki 1994 kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba hapo Tanga kwa sababu klachi ilikuwa inateleza na hela ya kutengeneza haikupatikana, toka hapo haijawashwa, tairi zote zimelala, na sasa kuna fundi wa mtaani amekwambia Jumamosi analeta betri mpya, petroli lita kumi na Land Cruiser ya kuivuta kama itagoma. Unauliza uandae nini kingine.

Mpigie simu leo umwambie asije. Sio kwamba ni fundi mbaya, simjui, lakini mpango huo ndio unaoua hizi gari. Gari imekaa miaka thelathini na ushee ikiwa nzima au karibu na nzima, alafu inauliwa ndani ya dakika tano kwa sababu watu wana hamu ya kusikia mlio. Naielewa hiyo hamu, mimi mwenyewe mkono huwa unawasha nikiona 404, ila hiyo gari ikivuka wiki mbili za kwanza salama basi una uhakika mkubwa wa kuimaliza.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka 2009 niliitwa kwenda kuangalia 404 ya familia, ile stesheni wagoni, ilikuwa imesimama miaka 17. Kabla sijafika wajomba wa mwenye gari walishaifunga kamba kwenye trekta, wakaingiza gia ya tatu, wakavuta. Matairi yaliburuzika kidogo, alafu ikasikika kitu kama mtu amevunja muhogo mkavu, na tairi zikaanza kuzunguka, wakashangilia wakijua injini imeachia. Nilipoifungua nikakuta pistoni ya silinda ya tatu imebaki palepale, ringi zimeshikana na laina (ukuta wa silinda) kwa kutu, na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, imepinda kama ndoano. Ile injini ilikuwa inahitaji tu oili na uvumilivu wa siku kumi.

Na kwako hatari ni zaidi, kwa sababu ulisema klachi ilikuwa inateleza. Klachi iliyokaa miaka yote hiyo kwenye hewa ya chumvi ya Tanga haitelezi tena, mara nyingi sahani yake inagandana na flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu. Yaani hata ukikanyaga pedeli mpaka chini injini na giaboksi bado ni kitu kimoja, kwahiyo mkiivuta na gia imeingia hamna pa kuokolea.

Sasa Jumamosi nenda, lakini nenda na tochi, simu ya kupiga picha, sumaku (ile ya spika mbovu inatosha), bisibisi moja imara, jeki, karai, spana ya nati ya oili na fimbo. Fimbo ni kwa ajili ya nyoka, simaanishi kukutisha, banda la mabati lenye gari isiyosogea ndo makazi yao, gonga gonga kwanza kila upande na usiingize mkono chini ya siti au nyuma ya dashibodi kabla hujamulika. Angalia na nyigu. Alafu kabla hujagusa kitu piga picha kila mahali, ndani, nje, chini, nyumba ya injini, kila waya ulipo, hata kama umekatika. Baada ya miezi nane ukiwa unatafuta ile pipe nyembamba ilipita wapi hizo picha utazipenda kuliko hela.

Siku hiyohiyo tafuta kadi ya gari. Fungua boneti usome kibati cha namba ya chesisi, linganisha na kadi herufi kwa herufi. Kisha kaa na ndugu zako. Gari ya marehemu haihamishiki jina TRA (mamlaka ya mapato) mpaka kuwe na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na nimeshaona mtu ametengeneza gari mpaka ikang'aa ndo mjomba anajitokeza anasema na yeye ana haki. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi ya spea, familia ikubaliane na iandikwe.

Turudi kwenye gari. Watu wengi wanawaza injini kwanza, mimi naanza na bati. 404 haina chesisi ya peke yake kama Land Rover, bodi yenyewe ndo chesisi, ikioza bodi hamna cha kufunga injini juu yake. Injini inapatikana, hata ya 504 inaingia. Bodi iliyooza mahali pabaya ndo inayomaliza pesa.

Sehemu ya kwanza ya kuangalia, fungua boneti, tazama kule pembeni kushoto na kulia zinaposhikilia zile shokapu za mbele kwa juu, pale kuna bati limekaa kama kikombe kilichogeuzwa. Uzito wote wa mbele unakaa hapo. Gonga na mpini wa bisibisi. Bati zima linalia kavu, ting, bati lililooza linatoa sauti nzito kama unagonga boksi la kadibodi. Pia pachungulie kwa chini, ndani ya tairi, matope yanajikusanya pale na maji yanabaki humo wiki nzima baada ya mvua. Kama hapo pameliwa kazi inawezekana bado, ila inataka mchomeleaji anayejua kukata na kuweka bati jipya la unene uleule. Asipige kiraka juu ya kutu.

Kisha vizingiti vya milango. Pitisha sumaku taratibu toka mbele mpaka nyuma, ikikosa kushika ujue kuna puti, ule udongo wa kuzibia, chini ya rangi. Nyanyua makapeti uone floo, chokoa kwa bisibisi pembeni pembeni. Na kuna kipimo kimoja nakipenda sana: fungua mlango wa mbele, ufunge, sikiliza unavyoingia. Sasa weka jeki nyuma ya tairi ya mbele, pandisha kidogo tu, alafu jaribu tena kuufunga ule mlango. Ukiingia vilevile gari yako ina mgongo. Ukigoma au ukipishana na nguzo basi vizingiti vimeisha, na gari inakunjika katikati. Ukiona hivyo shusha jeki haraka na usimruhusu mtu yeyote aingie chini yake.

Kuitoa bandani: usifunge mnyororo kwenye bampa wala usiinyanyue kwa kupitisha kamba chini ya bodi, utaiminya. Tafuta brekidauni ya kubeba, ile yenye kitanda na winchi, kamba ifungwe kwenye ile krosimemba (boriti ya chuma) ya mbele chini ya injini. Azima rim nne zenye tairi zinazoshika upepo, 404 inavaa inchi 15 na rim ya Toyota haitaingia, kwahiyo uliza wenye 404 pikapu, bado zipo. Kama ngoma za breki zimeshika usiiburuze. Legeza zile adjasta za nyuma ya ngoma, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, subiri mpaka kesho, gonga ngoma kuzunguka mduara wake kwa nyundo ya wastani, itaachia. Gia iwe huru na mhakikishe kweli iko huru kwa kusukuma kwa mkono sentimita chache kabla winchi haijavuta.

Haya, injini. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii injini ina tabia zake na fundi aliyezoea Corolla anaweza kukosea bila kujua.

Ukubwa wake ni cc 1618, na imelazwa, haijasimama wima, imelala nyuzi 45 kuelekea pembeni. Hedi, kile kichwa cha juu ya silinda, ni ya aluminiamu, na plagi ziko chini kabisa kwenye visima virefu. Hivyo visima vinajaa kila kitu, vumbi, mavi ya panya, nyumba za nyigu, maji. Ukifungua plagi kabla ya kusafisha, uchafu wote unaangukia kwenye silinda. Kwahiyo puliza kwanza kwa kompresa, vaa miwani, puliza tena, ndo ufungue. Plagi ikigoma weka mafuta uache, usilazimishe, nyuzi za aluminiamu zikitoka umejiongezea kazi ya bure.

Plagi zikitoka, mwagia oili kila silinda. Mimi natumia ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki nachanganya nusu kwa nusu na asetoni, koroga kila unapotumia maana vinaachana, na fanyia nje mbali na moto, asetoni inawaka kama petroli. Sasa kumbuka injini imelala. Ukimwaga tu, oili yote inakwenda upande wa chini wa pistoni na upande wa juu unabaki mkavu, na ndio uliokauka zaidi. Chukua sirinji kubwa, ichomeke kampira kembamba, pindisha ncha ielekee upande wa juu, nyunyiza. Rudia asubuhi na jioni, siku saba mpaka kumi. Hapa ndo watu wanachoka. Wewe usichoke.

Wakati unasubiri, fungua nati ya kumwagia oili chini, lakini taratibu sana, zungusha nusu raundi uache idondoke. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote kwenye 404. Silinda za hii injini ni laina za kuchomoa, zinakaa moja kwa moja ndani ya maji ya rejeta, na chini kabisa zinazibwa na sili nyembamba tu. Sili zikichoka maji yanashuka kwenye oili kidogo kidogo kwa miaka. Maji ni mazito kuliko oili kwahiyo yanatulia chini, na ukilegeza nati yanatangulia yenyewe. Nimeshawahi kukaa chini ya gari na karai, tone la kwanza likaja jeupe safi kama la bomba, la pili, la kumi, karibu lita nzima, ndo ikafuata oili rangi ya chai ya maziwa. Ile gari mwenyewe alikuwa ameshanunua betri.

Ukikuta oili nyeusi tupu toka tone la kwanza, mshukuru babu, alimwaga maji au sili zimevumilia. Ukikuta maji, usiizungushe kabisa, injini ifunguliwe. Na ikifunguliwa, mwambie fundi hivi, mwambie hata kama atakuona unamfundisha kazi: hedi ikishatoka, krenki isizungushwe mpaka laina zote nne zibanwe kwa bolti na washa pana. Zisipobanwa pistoni inapopanda inainua laina, sili ya chini inakaa vibaya, na utafunga injini yote vizuri kumbe maji yanavuja upya. Kosa hilo nimelisafisha kwenye gari za watu mara nyingi mno. Ila pia uzuri wake ndo huohuo, laina ikiharibika unabadilisha laina na pistoni yake, huhitaji kuchonga bloku.

Kama oili iko safi na siku kumi zimeisha, zungusha kwa mkono. 404 ilikuja na hendeli ya kuwashia, tundu lake liko mbele, muulize bibi kama ipo stoo. Plagi zote ziwe nje. Usiweke nguvu za mwili mzima. Sukuma kidogo mbele, rudisha nyuma, mbele, nyuma, kama unayebembeleza mtoto, na ukihisi imesogea hata unene wa ukucha simama, ongeza oili, endelea kesho. Ikizunguka raundi nzima weka vitambaa juu ya visima vya plagi uizungushe raundi kadhaa, oili ya ndani itatoka. Hapo ndo unapima komprasheni (mgandamizo wa ndani ya silinda), na mimi siangalii sana namba, naangalia tofauti ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake mara nyingi ni valvu imenata, hiyo inatibika.

Petroli iliyomo kwenye tangi usiitumie hata tone. Imeshageuka gundi, utaijua kwa harufu, inanuka kama rangi iliyochacha. Na kama ni ya mwaka huo wa 1994 ni petroli ya risasi, ile sumu iliyoondolewa nchi zetu mwaka 2006, kwahiyo usiimwage chini karibu na kisima na usinawie mikono. Tangi lishushwe lioshwe. Na naomba hili ulisikie vizuri: asije mtu kuchomelea tundu la tangi kwa gesi eti kwa sababu limekauka. Tangi kavu lenye mvuke ni bomu na watu wamekufa hivyo. Kuhusu petroli ya sasa isiyo na risasi usiwe na wasiwasi, hedi ya aluminiamu ina siti ngumu za valvu zilizopachikwa.

Kwa kuwasha mara ya kwanza tumia chupa ndogo ya petroli safi iliyoning'inizwa na mpira mpya moja kwa moja kwenye kabureta iliyosafishwa. Moto wa betri usiuunganishe moja kwa moja, panya wameshakula mpira wa waya, weka balbu katikati ya betri na gari, balbu ikiwaka sana wakati swichi zote zimezimwa ujue kuna waya unagusa bodi. Kagua na ile feni. 404 ina feni inayoshikwa kwa umeme injini ikipata moto, waya wake ukikatika feni inazunguka kwa uvivu tu na wewe unaona kama inafanya kazi, hedi inakunja.

Breki zote ziwe mpya, sina maneno mengi. Masta silinda, wili silinda, na zile hosi za mpira hata kama kwa nje zinaonekana nzuri, ndani huwa zimevimba zimeziba. Gari isitoke getini kwa breki za 1994.

Oili sasa, maana hapa maduka yatakudanganya bila kukusudia. Giaboksi ya 404 inakula oili ya injini, ya kawaida 20W-40 au ya karibu yake, usiweke ile nzito ya gia. Na difu yake sio kama ya gari zingine, ndani kuna msumari wa chuma wenye nyuzi unaozungusha gurudumu la shaba. Zile oili za difu za kisasa zenye dawa ya salfa zinaila shaba. Peugeot wenyewe walitumia oili yenye asili ya mbarika, kwahiyo uliza oili ya difu za shaba, na ukikosa subiri, usiazime ya jirani.

Spea zipo, watu wanakata tamaa mapema. Anzia eneo la Gerezani hapo Dar, kwa wazee, sio kwa vijana wa vioo vya Noah, kisha Nairobi barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Kenya ilikuwa na Peugeot nyingi, na vitu vingi vya injini vya 404 na 504 ni ndugu. Sahani ya klachi peleka ya zamani mkononi, usitaje jina tu.

Umeniuliza pia mwishoni kama inastahili, maana mjomba anataka auze chuma chakavu kwa kilo. Mdogo wangu, hii ndo gari iliyochukua Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Miaka miwili ya katikati hiyo walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, watu waliotokea hapahapa Tanzania, na ya babu yako ni ya 1967, mwaka wa ushindi wao wa pili. Mwaka 1963 na 1968 zilimaliza gari 7 tu kila mara na ya kwanza ikawa 404, chini ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Babu yako alinunua gari ambayo nchi nzima ilikuwa inaisikiliza kwenye redio wakati wa Pasaka. Kwa kilo mjomba atapata hela ya wiki moja.

Kwahiyo Jumamosi nitumie picha nne: vikombe vya shokapu vyote viwili, kizingiti cha upande wa dereva, kibati cha namba, na karai baada ya kulegeza nati ya oili. Hiyo ya karai ipige ikiwa bado inadondoka, nataka kuona rangi ya tone la kwanza.